Je, wajua kwa nini Mike Trout alikuwa chipukizi mara tatu?

Ukiuliza kadi ya kwanza ya Mike Trout, mchezaji wa klabu ya besiboli ya Los Angeles Angels, ni ipi, muuzaji mmoja atakutolea ya mwaka 2009 na mwenzake ya mwaka 2011. Hakuna anayekudanganya. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani nayo itakuambia Trout alikuwa Chipukizi Bora wa mwaka 2012. Mtu mmoja, mianzo mitatu. Anayeingia kwenye kukusanya kadi mpya za besiboli bila kujua tofauti ya miaka hiyo hununua kadi asiyoitaka kwa bei ya ile aliyoitaka.

Tuanze na 2009. Angels walimchagua Trout kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, akiwa mtu wa 25, na mwaka huohuo kampuni ya kadi ya Topps ikamtoa kwenye kadi za Bowman. Bowman ni jina la zamani ambalo Topps ililinunua mwaka 1956, na leo kazi yake kubwa ni makinda: vijana walio bado kwenye ligi za chini, ambao wengi wao hawatafika juu kamwe. Siku hizi kadi ya kwanza ya kinda kwenye Bowman huwekwa nembo ya "1st". Kadi ya namna hii ni bahati nasibu, na ndiyo maana akifaulu bei hupaa. Ile ya Trout ya 2009 yenye saini yake, iliyochapwa nakala moja tu duniani, iliuzwa kwa dola milioni 3.9 mwezi Agosti 2020.

Sasa 2011. Trout aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu tarehe 8 Julai, na baadaye mwaka huo akatokea kwenye seti ya Topps Update, kadi namba US175. Hiyo ndiyo ina herufi RC, yaani kadi ya chipukizi. Nembo hiyo ilianza mwaka 2006 kwa makubaliano ya ligi, chama cha wachezaji na kampuni za kadi: mchezaji asiingizwe kwenye seti kuu mpaka awe amefika Ligi Kuu. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipangia. Kadi ya chipukizi ya Derek Jeter wa New York Yankees inayosakwa kuliko zote ni ya 1993, ilhali Ligi Kuu alianza kuicheza Mei 1995. Kwa hiyo ukisoma "kadi ya chipukizi" kwenye tangazo, tazama kwanza mwaka. Ya kabla ya 2006 na ya baada yake hazifuati kanuni moja.

Na 2012? Ligi ina hesabu yake, haiangalii kadi. Mpigaji huacha kuwa chipukizi akipita zamu rasmi 130 za kupiga, mrushaji akipita vipindi 50 vya kurusha, au yeyote kati yao akizidisha siku 45 kwenye orodha ya timu. Mwaka 2011 Trout alipata zamu 123. Zilibaki saba tu! Basi akaingia 2012 akiwa bado chipukizi machoni pa ligi, akachukua tuzo. Lakini nembo yake ya RC ilikuwa imeshatumika mwaka uliotangulia, hivyo kadi yake ya 2012 haina RC na bei yake ni ya chini sana ikilinganishwa na ya 2011. Wageni wengi hunaswa hapa, kwa sababu mwaka wa tuzo ndio wanaoukumbuka.

Kanuni ya RC inagusa hata Uganda. Timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, mwaka 2012, na tangu hapo vijana wa Kiganda wamesajiliwa na Los Angeles Dodgers na Pittsburgh Pirates. Kijana kama huyo anaweza kutolewa kadi ya Bowman wakati wowote. Herufi RC zitamsubiri mpaka siku atakayofika Ligi Kuu.

Kwa anayefuatilia kadi mpya, kalenda ni muhimu kuliko pesa. Topps Series 1, sehemu ya kwanza ya seti kuu, hutoka karibu na Februari, kadi namba 1 hadi 350. Series 2 huja katikati ya mwaka na kuendeleza namba hadi 700. Topps Chrome, seti ya kadi zenye tabaka linalong'aa, ni majira ya kiangazi ya kule. Update ni vuli, na humo huwekwa walioanza baada ya Series 1 kuchapwa. Aliyeitwa juu Septemba kwa kawaida RC yake hutoka mwaka unaofuata. Kwa hiyo usimtafute mtu wa Septemba kwenye Update ya mwaka huohuo, na ukikuta anayekuuzia kitu kama hicho, omba picha ya uso na mgongo kabla ya kulipa. Kuna pia Topps Now, iliyoanza 2016: tukio linatokea leo, kadi inauzwa mtandaoni kwa muda mfupi tu (mwanzoni ilikuwa saa 24), kisha zinachapwa zile tu zilizoagizwa na idadi yake kutangazwa. Nyingi ya hizi hupendwa kwa wiki moja halafu husahaulika, ila idadi yake inajulikana wazi, na hilo si jambo dogo katika biashara hii.

Idadi ndiyo kiini chenyewe. Kadi ya kawaida ya chipukizi huchapwa kwa wingi mno na idadi yake haitangazwi. Uchapaji wa kupindukia wa mwishoni mwa miaka ya 1980 ndio ulioacha mamilioni ya kadi ambazo hadi leo hazina mnunuzi. Kampuni zilijifunza, zikaanza kutoa kadi ileile, picha ileile, kwa rangi tofauti na kupiga namba kwenye kila nakala. Kwenye kadi za Chrome utakuta kwa kawaida bluu ya nakala 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5, na Superfractor moja tu. Namba imepigwa mhuri mdogo, mfano 17/50: hii ni nakala ya 17 kati ya 50. Kadi yenye rangi isiyo na namba ya mhuri ni hadithi nyingine. Rifrakta ya kawaida, ile inayotoa upinde wa mvua ukiiinamisha kwenye mwanga, mara nyingi haina namba, na wauzaji wasio waungwana hupenda kuiita adimu.

Kuna kitu kipya zaidi ambacho kimewavuta hata wasiojali besiboli. Tangu 2023 kila mchezaji anayeanza Ligi Kuu huvaa kiraka maalumu kwenye mkono wa jezi siku hiyo ya kwanza. Mechi ikiisha kiraka hutolewa, huthibitishwa na ligi, kisha huwekwa ndani ya kadi moja tu. Cha mrushaji Paul Skenes wa Pirates, aliyeanza 11 Mei 2024, kiliangukia pakiti ya mtoto wa miaka 11 eneo la Los Angeles. Klabu ikamwahidi tiketi za msimu kwa miaka 30 akiirudisha kadi. Familia ikakataa, ikapeleka mnadani, na Machi 2025 ikauzwa dola milioni 1.11.

Habari kama hiyo huuza maboksi, kwa hiyo tupige hesabu kwa utulivu. Boksi la Series 1 ya 2024 la maduka ya kadi (hobby) lilikuwa na pakiti 20 za kadi 12, jumla 240. Seti ina kadi 350, hivyo hata usipopata hata moja ya kujirudia, boksi moja haliwezi kuikamilisha. Tuseme kadi 210 kati ya hizo ni za kawaida na hazijirudii: nafasi ya kumpata chipukizi unayemtaka ni 210 kwa 350, yaani asilimia 60. Na hiyo ni kadi ambayo, ukisubiri, mara nyingi utainunua peke yake kwa bei ndogo kuliko pakiti. Uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ya pakiti nao husomwa vibaya. 1:24 haimaanishi kila pakiti 24 zina moja. Ni wastani wa uchapaji wote. Ukifungua 24 zilizochanganywa vizuri, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni kama asilimia 36. Pakiti zilizobaki moja moja dukani ziogope zaidi, maana kadi yenye kipande cha jezi ni nene, na wapo wanaozipapasa au kuzipima kwa mizani kabla yako.

Kama lengo ni mchezaji fulani, nunua kadi moja moja, na usinunue wiki ya kwanza. Bei huwa juu siku seti inapotoka, kwa kuwa wenye hamu ni wengi na kadi sokoni ni chache. Kisha maboksi hufunguliwa kwa maelfu, kadi zilezile zinamwagika sokoni, bei inateremka. Wiki tatu mpaka sita baadaye ndipo kadi ya kawaida huwa karibu na sakafu. Zenye namba ndogo hazifuati njia hii: nakala tano zikishauzwa zimeuzwa, na anayesubiri anaweza kukosa kabisa.

Kadi ikishafika mkononi, ikamate kwa kingo, usiiguse uso. Za Chrome hushika alama ya kidole papo hapo. Iinamishe chini ya taa moja, polepole: utaona mistari myembamba ya mashine ya uchapaji iliyonyooka kutoka juu hadi chini, ambayo mwanga wa kawaida huificha. Geuza nyuma utazame kona dhidi ya kitu cheusi, kwani ukingo uliomeguka huonekana kama nukta nyeupe. Halafu chukua rula. Tuseme ukingo wa kushoto ni milimita 3.0 na wa kulia 2.4. Gawa 3.0 kwa jumla ya 5.4, unapata asilimia 55.6, yaani 56 kwa 44. PSA, kampuni kubwa ya kupanga kadi madaraja, hutaka usoni isizidi takriban 55 kwa 45 ili kuipa 10. Nusu milimita na ushei imeshaweka daraja la juu shakani, kabla hata kona hazijatazamwa. Ada ya kupangiwa daraja inalipwa vilevile ukipata 10 au 8, basi pima mwenyewe kwanza.

Kuhifadhi hakuna siri: kadi kwenye kifuko laini cha plastiki, kifuko ndani ya ganda gumu. Unene wa kadi hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya elfu ya inchi. Ganda la pointi 35 linatosha kadi ya kawaida, lakini ya kipande cha jezi mara nyingi huhitaji 130 au zaidi, na ukiilazimisha utaivunja kona. Sukuma kadi kwa kuikunjua kidogo mdomo wa kifuko, si kwa kuibana. Kona nyingi huharibika hapo hapo mezani. Ukiituma PSA, iweke kwenye ganda nusu-gumu badala ya lile gumu.

Aliye Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ana adui mwingine, unyevu. Kadi ya Chrome ni karatasi iliyofunikwa kwa tabaka linalong'aa. Karatasi hunywa maji ya hewani na kutanuka, tabaka halitanuki, na kadi hujipinda kama chipsi ya viazi. Usiinyooshe kwa pasi wala kitabu kizito. Weka kadi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kipima unyevu kidogo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Kikishuka chini ya hapo sana, kadi huanza kujipinda upande wa pili.