Je, wajua kwa nini mtaa wa maduka hunyamaza? Twende Bagamoyo

Ukishuka stendi ya Bagamoyo saa nne asubuhi, mji una kelele zake za kila siku. Bodaboda wanagombea abiria, mama lishe anageuza chapati, fremu za simu, vipodozi na nguo za watoto zimebanana. Shika njia ya kuelekea baharini. Kadiri unavyoukaribia Mji Mkongwe sauti zinapungua, na ukiingia Mtaa wa India unasikia viatu vyako mwenyewe. Milango ya nakshi ipo, baraza za mawe zipo, nyumba za ghorofa zipo, nyingine zimekarabatiwa na nyingine zimebaki kuta tupu. Watu ndio haba.

Na huu ndio uliokuwa mtaa wa biashara wa mji. Duka chini, familia juu, baraza mbele. Kwa nini ulinyamaza? Na mtaa wa namna hii unaamshwaje?

Wengi hujibu haraka kwamba maduka yalifungwa, ndipo watu wakaacha kuja. Historia ya Bagamoyo inaonyesha kinyume chake. Miguu ilibadili njia kwanza, maduka yakafuata.

Nasema miguu kwa maana yake halisi. Katika karne ya 19 mji huu uliishi kwa watu waliotembea. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitoka bara kwa safari ya miezi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili begani, yaani kilo 30 na ushee. Walileta pembe za ndovu. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliotekwa, na mtaa huu hauwezi kusimuliwa bila wao. Msafara ukifika pwani ulingoja: kulipwa, kupata dau la kwenda Unguja, au kukusanya mzigo wa kurudi nao bara. Mtu anayengoja hula, hulala, hushonesha nguo, hununua. Na msafara unaopanda bara ulihitaji vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Wafanyabiashara wa Kihindi waliuza na kukopesha. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, alitajirika kwa kuandaa misafara, na baadaye akatoa jengo la shule hapo Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa mashua, wakati Dar es Salaam ina bandari yenye kina na kinga. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza huko huko Dar es Salaam, na 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Treni moja ilibeba mzigo wa wapagazi mamia kwa mamia, na hakuna behewa lililopita Mtaa wa India. Hakuna mwenye duka aliyekosea kitu. Bidhaa zilikuwa zile zile na bei zile zile, ila waliokuwa wakipita mlangoni hawakupita tena.

Wenye fremu wana neno la jambo hili: mzunguko. Ukienda kukodi fremu, unauliza ukubwa wa chumba na kodi, lakini swali linaloamua ni "hapa mzunguko ukoje?" Duka la rejareja haliishi kwa waliolikusudia tu. Linaishi pia kwa mtu aliyetoka nyumbani kufuata kitu kingine. Ametumwa dawa, njiani akaona kandambili zimening'inia, akakumbuka za mwanawe zimekatika.

Tuseme kwa mfano watu 200 wanapita kwa siku, na katika kila 20 anaingia mmoja. Hao ni wateja 10. Wapitaji wakishuka hadi 60, wateja ni watatu, na kodi ya fremu haijashuka hata shilingi. Mwenye duka anapunguza bidhaa. Anayeingia hapati anachotaka, safari ijayo anapanda gari moja kwa moja hadi Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam. Duka linafungwa, na hapo ugonjwa unahamia kwa jirani, kwa sababu mlango uliofungwa hauwaachi wapita njia walivyokuwa.

Mtu anayetembea kwa kilomita 5 kwa saa anamaliza mita 100 kwa sekunde 72. Kama kila fremu ina upana wa mita 5, kila baada ya sekunde tatu au nne macho yake yanapata jambo jipya: vitambaa, harufu ya kahawa, mzee barazani wa kumwamkia shikamoo. Fremu sita zikifungwa mfululizo, anatembea sekunde zaidi ya 20 kando ya ukuta. Zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwa miguu, juani, ni nyingi, na hapo ndipo watu hugeuza. Aliye ndani ya gari la kilomita 50 kwa saa huupita ukuta huo kwa sekunde mbili na hajali, ila yeye hawezi kuona kandambili wala kusimama. Ndiyo maana barabara nzuri ya magari inaweza kupita kando ya mji na isimwachie muuza duka kitu. Mabasi yanayotumia barabara ya Msata kwenda kaskazini yanapita pembeni mwa Bagamoyo kila siku, na Mji Mkongwe hauyaoni.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wauza vitenge wa Kariakoo wakae mlango kwa mlango ingawa ni washindani. Wakiwa pamoja wanakuwa mahali pa kwenda. Kila mmoja akijitenga mtaa wake, mteja hana sababu ya kutoka nyumbani.

Kisha kuna saa. Mtaa wenye ofisi peke yake hulala saa kumi jioni. Mtaa wenye majengo ya historia na vibao vya watalii tu huamka basi la wageni likifika na hulala likiondoka. Wale wafanyabiashara wa zamani walikuwa wamelimaliza tatizo hili kwa kuishi juu ya maduka yao: mama alishuka asubuhi kununua maziwa, watoto walicheza jioni, taa ya dirishani iliwaka usiku. Macho yalikuwepo saa zote, na penye macho hata mwanamke aliye peke yake hupita bila hofu. Leo ghorofa zile zikirudishiwa wapangaji wa kawaida, mwalimu, fundi, muuguzi, nadhani zitafanya kazi ambayo rangi mpya ukutani haiwezi kuifanya.

Marekani walijifunza hili kwa gharama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi zilihamia pembezoni mwa majiji, barabara kuu zikajengwa, na maduka yakafuata magari. Mwaka 1956 huko Edina, karibu na Minneapolis, lilifunguliwa Southdale, jengo la maduka lililofunikwa lote na kupozwa hewa, lililobuniwa na Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna. Kwenye jengo la aina hiyo maduka makubwa huwekwa mbali moja na jingine, na madogo hupangwa katikati, ili mtu anayetoka kubwa moja kwenda jingine apite mbele ya madogo yote. Mitaa ya kati ya miji midogo, iliyokuwa ikifanya kazi hiyo bila kubuniwa na mtu, ilibaki na vioo vyenye vumbi.

Mwaka 1977 shirika la Marekani linalohifadhi majengo ya kale, National Trust for Historic Preservation, lilichagua miji mitatu midogo ya majaribio: Galesburg, Hot Springs na Madison. Madison ilikuwa bandari ya mto Ohio iliyopokonywa biashara na njia za reli za miji mingine, kwa hiyo mtu wa Bagamoyo angeielewa bila mkalimani. Wangeweza kujenga soko moja kubwa la kung'aa, lakini kila mji ulipewa mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni mtaa ule: anajua fremu ipi iko tupu na mwenye nyumba ni nani, anawakutanisha wenye maduka wafungue saa zinazofanana, anatafuta wapangaji wanaofaana, anasimamia ukarabati mdogo mdogo wa sehemu za mbele za maduka. Mwaka 1980 ikaanzishwa taasisi ya kueneza njia hiyo nchi nzima.

Kinachonigusa katika habari hiyo ni huyo mtu mmoja. Jengo la maduka la kisasa lina meneja. Mtaa wa kale hauna, kila mlango una mwenyewe, na nyumba nyingine za urithi zina warithi wengi waliotawanyika, ambao mpaka wakubaliane paa limeshaanguka.

Kama jengo la Gruen lilivyo na maduka makubwa, Bagamoyo ina vivutio vyake vikubwa vya kuweka mwisho huu na mwisho ule. Kaskazini mwa Mji Mkongwe iko Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, pamoja na makumbusho yake. Kusini iko TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyotokana na Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981, na mbele zaidi magofu ya Kaole. Mtaa wa India uko katikati. Tatizo ni kwamba mgeni husafirishwa kwa gari kutoka kivutio hadi kivutio, kisha hurudishwa hotelini ufukweni, ambako chakula cha usiku kiko ndani ya uzio. Tamasha la sanaa la kila mwaka hujaza mji kwa siku chache, nami nalipenda, lakini kodi ya fremu hulipwa kwa miezi 12. Njia ya miguu yenye kivuli na taa, kutoka misheni hadi TaSUBa kupitia Mji Mkongwe, ingebadili zaidi ya tamasha la pili.

Na tuwe wakweli kuhusu bidhaa. Duka la Bagamoyo haliwezi kuishinda Kariakoo kwa bei ya ndoo za plastiki, mji wenyewe uko kilomita zipatazo 70 tu kutoka Dar es Salaam. Linaweza kuuza kisichobebeka kutoka Kariakoo: kanzu inayopimwa na kushonwa hapo hapo, kinyago kinachochongwa mbele ya macho yako, fundi wa milango, kahawa ya barazani, samaki aliyevuliwa leo. Hawa wanaanza na mtaji mdogo. Wanahitaji chumba cha kodi nafuu, na chumba cha kodi nafuu kwa kawaida huwa katika nyumba kuukuu. Vivyo hivyo muuza miwa na mwenye jiko la mishikaki: mara nyingi hufukuzwa kwa jina la usafi, ilhali wao ndio wanaomsimamisha mpita njia. Wapewe baraza kwa utaratibu, maji na pipa la taka.

Soko la samaki pale ufukweni halijanyamaza siku zote hizi. Mashua zikiingia, mnada unapigwa, wanawake wanakaanga, watu wamejaa kuanzia mnadani hadi mchangani. Kutoka hapo hadi Mtaa wa India ni dakika chache kwa miguu. Mtu akinunua changu wake saa tisa alasiri anageuka na kurudi stendi, kwa kuwa mbele yake upande ule hakuna ndimu ya kununua, hakuna soda baridi, hakuna kiti kivulini.