Je, wajua kwa nini daktari wa upasuaji huhitaji kifaa cha kumpapasia uvimbe?

Uvimbe wa saratani aghalabu ni mgumu kuliko nyama inayouzunguka. Tishu ya kawaida ya titi ina ugumu wa kilopaskali 3 hivi. Saratani kali ya titi hilohilo huweza kupita 40. Ugumu huo hutokana na nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu, zinazoongezeka na kushonana kuzunguka uvimbe, pamoja na seli zilizosongamana. Ndiyo maana daktari akishafungua kifua au tumbo huingiza mkono, hupapasa, kisha huamua pa kukata.

Katika upasuaji wa matundu madogo mkono haupiti. Kinachopita ni koleo lenye unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 30 na ushei, ndani ya bomba lililochomekwa mwilini. Koleo husuguana na bomba, ukuta wa tumbo nao hulisukuma, kwa hiyo kinachoufikia mkono wa daktari ni mchanganyiko wa hayo yote. Roboti ya upasuaji ya da Vinci, ambayo daktari huiongoza, iliruhusiwa Marekani kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000, lakini makoleo yanayomrudishia daktari hisia ya nguvu yalikuja na toleo la 5, lililoidhinishwa 2024.

Kifaa cha kumpapasia daktari ni kihisi mguso, nacho huwekwa kwenye ncha ya koleo, pale panapogusa tishu. Aina moja ina vibamba viwili vya kupitisha umeme vilivyotenganishwa na mpira laini: ukibonyeza, vibamba hukaribiana na uwezo wa kuhifadhi chaji huongezeka. Nyingine hupima ukinzani wa umeme. Ipo pia inayotetemeka, na masafa ya mtetemo wake hubadilika inapogusa kitu kigumu. Omata na Terunuma wa Japani waliieleza mwaka 1992.

Nguvu peke yake haitoshi. Kitu laini kilichobonyezwa sana na kitu kigumu kilichoguswa kidogo huweza kutoa kipimo kilekile. Kwa hiyo kifaa lazima kijue pia kimezama kiasi gani. Hugusa mpaka nguvu ianze kusomeka, hapo huhesabiwa sifuri. Huzama milimita chache kwa mwendo usiobadilika, huinuka, huhamia jirani. Mwendo una maana kubwa, kwani tishu ikibonyezwa haraka huonekana ngumu kuliko ilivyo. Namba za sehemu zote huchorwa kama ramani ya rangi, na linalotafutwa ni doa lililo tofauti na majirani zake ndani ya kiungo kilekile.

Kina ndicho kinachosumbua zaidi. Ukiligusa embe juujuu unahisi nyama tu. Ukizidi kubonyeza unaifikia kokwa. Uvimbe mdogo uliozama hudai mbonyezo mkubwa, na mbonyezo mkubwa huchubua tishu. Tena ukipita kiasi, kihisi huanza kusoma mfupa au kitu kingine kigumu kilicho nyuma.

Kwenye pafu ndiko, kwa maoni yetu, kifaa hiki kinahitajika hasa. Picha ya CT, yaani ya eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, hupigwa pafu likiwa limejaa hewa, lakini wakati wa upasuaji pafu hilo hutolewa hewa likanywea, na kinundu, yaani uvimbe mdogo, huhama kutoka pale kilipoonekana. Kunywea huko kuna faida yake: hewa ikitoka, kinundu hujitokeza vizuri zaidi kwa kupapasa. Ikibaki, kihisi hukandamiza mto wa hewa.

Joto nalo hudanganya. Kihisi kikitoka kwenye hewa ya chumba na kuingia kwenye mwili wa nyuzi 37, kipimo husogea bila kuguswa na kitu. Kipashwe kwanza, kisha kirudishwe kwenye sifuri. Mvuke wa nyuzi 134 wa kuulia vijidudu huharibu gundi na nyaya nyingi, hivyo mara nyingi ncha hufunikwa kwa ala safi, na ala hiyo lazima ihesabiwe katika vipimo.

Halafu si kila kigumu ni saratani. Kovu la kifua kikuu lililojaa chokaa ni gumu sana. Ini lenye makovu mengi huwa gumu kote, tofauti ikafifia. Kwa upande mwingine, saratani zenye ute mwingi huwa laini na hupita bila kugunduliwa. Kihisi kinaonyesha pa kuchukua kipande tu. Kipande chenyewe hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, na jibu hurudi chumba cha upasuaji baada ya dakika 20 hivi, mgonjwa akiwa bado amelala.