Je, wajua kwa nini New York iliweza kutoa vyeti vya sekondari bila mtihani mwaka 2020?

Kwa aliyesoma Kenya au Tanzania, swali linakuja lenyewe: kama mtihani haukufanyika, cheti kimetoka wapi?

Jimbo la New York, Marekani, lina mitihani iitwayo Regents, iliyoanza mwaka 1865. Kwa kawaida mwanafunzi hutakiwa kufaulu mitano, kila mmoja kwa alama 65 au zaidi. Lakini hiyo ni sehemu tu ya safari. Lazima pia awe na krediti 22, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, na hizo huzikusanya somo baada ya somo kwa miaka minne, akipimwa na walimu wake mwenyewe. Korona ilipofunga shule mwezi Machi, wa mwaka wa mwisho walikuwa na krediti nyingi tayari, zimeandikwa kwenye kumbukumbu za shule.

Tarehe 6 Aprili mitihani ya Juni ikafutwa. Msamaha ulikuwa wa mtihani, si wa somo: ilibidi mwanafunzi afaulu somo lenyewe ndipo asamehewe karatasi yake. Wala hakubuniwa alama ya mtihani ambao hakuufanya. Hapo naona walitumia busara kubwa. England ilifuta A-level, mitihani yake ya kumaliza sekondari, mwaka huohuo, ikaiachia kanuni ya kompyuta kupanga alama. Matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya alama walizokadiria walimu zilikuwa zimeshushwa. Vijana wakaandamana, na baada ya siku nne serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu.

Kwetu njia ya New York isingewezekana kirahisi, kwa sababu mtihani wa taifa ndio unaobeba uzito mkubwa wa cheti, na ndio huohuo unaoamua nani aende chuo kikuu. Ukiuondoa, hakuna kingine cha kuushikilia mlango. Ndiyo maana Tanzania iliwarudisha kidato cha sita shuleni tarehe 1 Juni, wakaanza mtihani tarehe 29 mwezi huo. Kenya iliahirisha. Kidato cha nne waliotarajia kumaliza KCSE, mtihani wa taifa wa sekondari, mwishoni mwa 2020 walikaa nyumbani tangu Machi hadi Oktoba, wakarudi darasani, na karatasi zao za mwisho wakaziandika Aprili 2021.