Hatutibu mtu, lakini swali lako la afya lilete

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayepitisha bajeti: "Nyinyi ni wakutubi, si madaktari. Mambo ya afya waachieni hospitali." Kisha akatuonea huruma. Tukitaka sana kusaidia, akasema, tutenge kona ya afya, tubandike mabango, na mara moja kwa mwaka tumwite muuguzi aje apime watu presha. Kikaoni nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Swali la afya halisubiri maktaba ianzishe mradi. Linaingia lenyewe mlangoni. Mtu katoka kliniki na karatasi yenye neno asiloweza hata kulitamka. Kwa daktari palikuwa na foleni, akaona haya kuuliza mara ya pili. Maktaba ni jengo ambalo haliulizi miadi, bima wala sababu ya kuwemo, kwa hiyo anakuja kwenye dawati la marejeo, pale msomaji anapouliza na mkutubi akamtafutia. Nimwambie nini, kwamba fungu la kumsikiliza halimo kwenye bajeti? Na kwa wapenda nyaraka: Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO, toleo la 2022, inataja waziwazi taarifa za afya miongoni mwa kazi zetu. Haya, tuendelee.

Mpaka wetu uko kati ya kutoa taarifa na kutoa ushauri wa tiba, na tunafundishwa kuulinda tangu mwaka wa kwanza. Msomaji akiniuliza metformini ni dawa ya nini, namfungulia MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyopo tangu 1998 na yenye sehemu ya lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo. Namsomea kama hasomi vizuri. Namchapishia. Akiniuliza kama aiache kwa sababu inamharisha, sijibu ndiyo wala hapana. Namwonyesha palipoandikwa kuwa kuharisha ni miongoni mwa maudhi ya kawaida ya dawa hiyo, kisha namsaidia kuandika swali la kumpelekea aliyemwandikia: imeanza lini, ameze na chakula au bila chakula, je, kuna namna nyingine ya dawa hiyo hiyo? Majibu ya vipimo vyake simfasirii. Simwambii "hata mjomba alikuwa nayo na yuko hai". Anaondoka na karatasi mkononi na swali lililonyooka, na daktari wake anaokoa dakika ambazo angezitumia kuvuta maneno.

Kinachoniudhi zaidi ya yule wa bajeti ni wenzangu waliojifunza kujificha nyuma ya sentensi hiyo hiyo. "Mimi si daktari" imekuwa njia ya adabu ya kutofanya kazi. Mtu anauliza kuhusu kifafa cha mtoto wake, mkutubi ananyoosha kidole kuelekea rafu za 616, namba ya vitabu vya magonjwa, na kurudi kwenye simu yake. Mkutubi huyo huyo si mwanasheria, ila akiulizwa kuhusu mirathi anahangaika mpaka apate sheria yenyewe. Si fundi wa magari, ila mwongozo wa injini anautafuta. Kwa nini kwenye ugonjwa tu ndipo anakumbuka cheti asicho nacho?

Robert Taylor, mtaalamu wa elimu ya maktaba, aliandika mwaka 1968 kwamba haja ya msomaji hupita hatua nne kabla ya kuwa swali, na lile linalofika mezani kwetu limeshakatwakatwa ili lifanane na kile anachodhani maktaba inacho. Kwenye afya hilo huwa kali maradufu. Anayeuliza "mna vitabu vya lishe?" anaweza kuwa na mama aliyeambiwa jana kuwa figo zimechoka. Ukimpa kitabu kizuri cha lishe bora kwa wote, chenye kusifu matunda na mboga za kila aina, umempa taarifa sahihi kwa mtu mwingine kabisa, maana mgonjwa wa figo huenda akatakiwa kupunguza potasiamu, na baadhi ya matunda hayo yamejaa potasiamu. Kwa hiyo unauliza. Lakini unauliza namna gani? "Kwa nini unataka kujua?" hufunga mdomo papo hapo, msomaji anahisi anahojiwa polisi. "Ungependa hasa kujua nini kuhusu lishe?" humwachia yeye aamue afungue mlango kiasi gani. Kama hataki kuufungua, unampa cha jumla na unamwambia kuwa ushauri wa vyakula hubadilika kwa wenye figo, kisukari au presha. Unalisema kama jambo unalomwambia kila mtu, huku ukipanga vitabu, bila kumkazia macho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ningependa kuwatembeza wahenga hao kwenye maktaba zetu. Dawati liko katikati ya ukumbi, chini ya dari inayorudisha mwangwi, na mkutubi ana sauti ya mwadhini: "Kaswende? Nenda 616.951!" Hapo nani asiyeficha? Kona ya afya nayo, ile inayopendwa na wafadhili, mara nyingi huwekwa mkabala na mlango ili ipigwe picha vizuri, yenye kibao kikubwa kinachotaja ukimwi. Simama pale dakika tano na mtaa mzima umekuandikia historia ya ugonjwa. Mimi vitabu hivyo navitawanya, na vile vya aibu zaidi naviweka mahali mtu anaweza kukaa akaviona bila kuomba. Katalogi ikisema kitabu cha utasa kipo na rafuni hakipo, kabla sijalaani wezi huwa nafikiri kuna mtu alishindwa kukileta mezani. Nunua nakala nyingine, iweke mbali na dawati. Kompyuta zigeuze ili vioo vyake visielekee njia ya kupita. Na kumbukumbu ya aliyeazima nini ifutwe kitabu kikirudi. Programu nyingi za maktaba zina kitufe hicho; hakikisha hakijazimwa.

Jambo la kupalilia mkusanyiko, yaani kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati, sitalimaliza leo, lakini siwezi kuliruka. Masanduku ya vitabu vya msaada hufika yakiwa yamejaa vitabu vya tiba ambavyo hospitali za kwao zilivitupa, na sisi tunavipokea kwa hotuba. Kitabu cha vidonda vya tumbo kilichoandikwa kabla ya kazi ya Barry Marshall na Robin Warren juu ya bakteria wa tumboni wanaovisababisha, kazi iliyowapa Nobeli mwaka 2005, kitakwambia tatizo ni mawazo mengi na tindikali tu. Kitabu cha malezi cha miaka ya 1980 kinaweza kukuelekeza umlaze mtoto mchanga kifudifudi, ushauri ulioachwa kuanzia miaka ya 1990 kwa sababu ya vifo vya ghafla usingizini. Kitabu cha mwaka 2011 kuhusu VVU kinaweza kumwambia msomaji asubiri CD4, yaani chembe za kinga mwilini, zishuke hadi 350 ndipo aanze dawa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linataka kila aliyekutwa na VVU aanze, hata CD4 ziwe ngapi. Riwaya kuukuu ni urithi. Mwongozo wa dawa uliochakaa ni hatari yenye mhuri wa maktaba, na mtu anauamini kwa sababu ya mhuri wetu. Kanuni ya kawaida katika 610 hadi 619, namba za vitabu vya tiba, ni kuchunguza kila kilichozidi miaka mitano. Rafu zitabaki na mapengo, ndiyo. Pengo halijamdanganya mtu.

Mengine nayapitia mbio, si kwa kuwa ni madogo. Joto likizidi, ukumbi wenye kivuli, maji na choo kinachofanya kazi unaokoa wazee kuliko bango lolote. San Francisco waliajiri ofisa ustawi wa jamii ndani ya maktaba mwaka 2009, kwa kuwa wasio na makazi walikuwa tayari wanashinda humo. Wales, mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha utaratibu wa daktari kuandika kitabu cha kujisaidia kama anavyoandika dawa, na mgonjwa akakichukue maktaba. England wakawa na mpango wao wa nchi nzima mwaka 2013. Tamale, kaskazini mwa Ghana, maktaba ya mkoa iliwatumia wajawazito ujumbe mfupi wa simu kuhusu ujauzito wao. Hakuna kati ya hao aliyejifanya daktari.

Philadelphia ndiyo inayonipa taabu. Mwaka 2017 wakutubi wa tawi moja walikuwa wakiwapa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, watu waliozidisha heroini kwenye bustani iliyo nje ya mlango wao. Nawaheshimu, na kila hadithi hiyo inaposimuliwa semina kwa makofi, najiuliza ni nani aliyeondoka kazini pale akiwa na nini kichwani. Jamii ikiacha huduma zote zife kisha ikashangilia kwamba maktaba bado iko wazi, hiyo si sifa ya maktaba. Sina uhakika kama sisi tunaopenda kuiongezea maktaba kazi mpya tumelifikiria hilo vya kutosha.

Nina shaka nyingine. Ule mpaka niliouchora kwa ujasiri hapo juu si mnyoofu kama nilivyoutangaza. Kati ya kurasa kumi nachagua mbili za kumwonyesha msomaji, na kuchagua huko tayari kuna harufu ya ushauri. Anapokuja anayetaka kitabu kinachoahidi kutibu saratani kwa kufunga kula, nafanyaje? Kwa fedha ya umma sikinunui. Lakini akikitaja kwa jina na kuniomba nimtafutie kutoka maktaba nyingine, kanuni zetu za uhuru wa kusoma zinasema nimtafutie, na huwa natafuta, nikiweka na kijitabu cha taasisi ya saratani juu yake. Wengine wataniambia nimemwonea. Wengine watasema nimemwua. Mabishano haya tunayo kila mwaka na hayajapata mshindi.

Halafu ushahidi. Kuna utafiti wa 2016 wanaopenda kuunukuu wanaoomba fedha: watu 3,635 wa Marekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa, na wasomaji wa vitabu wakaonekana kuishi takribani miezi 23 zaidi ya wasiovisoma, kabla ya mambo mengine kuzingatiwa. Tofauti ilibaki hata watafiti walipozingatia umri, elimu, mali na hali ya afya. Hata hivyo ni uchunguzi, si jaribio. Anayeweza kukaa na kitabu huenda alikuwa na mambo mengine yaliyomwendea vizuri. Na unahusu kusoma, hauhusu maktaba. Mimi siuweki kwenye maombi yangu. Tatizo langu la kweli liko kwingine: kadiri ninavyolinda faragha ya msomaji ndivyo ninavyokosa cha kumwonyesha mwenye bajeti. Nimefuta kumbukumbu, sikuuliza jina, sikumfuata nyumbani kujua kama alimpelekea daktari lile swali. Ninachoweza kuhesabu ni maswali yaliyoulizwa dawatini, kwa aina, bila watu. Kwa anayetaka idadi ya waliopona, hiyo ni karatasi tupu.

Sasa, muuguzi wa mara moja kwa mwaka. Aje, simkatai. Ila kabla fedha za vipimo hazijatoka nataka majibu. Mikanda ya kufunga mkononi itakuwa ya ukubwa tofauti, au mmoja mdogo utakaowapa wenye mikono minene presha wasiyo nayo? Watu watakaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, au watavutwa kutoka kwenye foleni wakihema? Na akitokea mwenye 190 kwa 120, Ijumaa saa kumi jioni, anaelekezwa wapi, kwa usafiri wa nani? Majibu yakiwepo, nitapanga viti mwenyewe. Yasipokuwepo, fungu hilo lihamishieni kwangu: nahitaji kuta mbili nyepesi za kuziba dawati la marejeo, viti viwili vinavyotazamana, na fedha ya kununua upya 616 yote.