Kimya cha sebuleni na dhana nyingine zinazotunyima utulivu

Dhana: Familia isiyozungumza siasa ndiyo yenye amani

Nairobi ina nyumba nyingi ambamo televisheni huzimwa mjomba fulani akibisha hodi. Sababu tunaijua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Kibera, jirani aliyekuja kuomba chumvi wiki iliyopita akageuka mtu wa kuogopwa, na waliooana kutoka makabila mawili wakaulizwa na ndugu zao wenyewe wako upande gani.

Februari 28, 2008, mpatanishi Kofi Annan akishuhudia, viongozi walitia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Harambee House, ofisi ya rais. Miaka kumi baadaye, Machi 9, 2018, wanasiasa walipeana mikono tena pale pale. Lakini sebuleni kwetu hakuja mpatanishi. Tulikubaliana tu kutoguswa mahali panapouma, kisha tukaanza kukiita kimya hicho amani. Juni 25, 2024, vijana waandamanaji walipovamia Bunge, ufa ulihama kutoka kabila hadi umri: mzazi na mtoto, chini ya paa moja, kila mmoja akimwona mwenzake haelewi nchi.

Ukweli ni kwamba kimya hufaa kwa jioni moja. Kikikaa miaka, kila mtu humjazia mwenzake maneno ambayo hakuyasema. Swali la "unaunga mkono nani?" huwasha moto, "siku ile ulikuwa wapi, Mama?" huleta simulizi, na simulizi haina mshindi.

Mimi na ndugu yangu mkubwa tulikaa miezi minne bila salamu. Alikuwa ametoka kwenye kundi la WhatsApp la familia usiku wa manane, bila kwaheri. Tulirudishwa pamoja na tangi la maji la Mama kule ushago, lililopasuka. Tulibeba mitungi siku mbili, tukizungumzia mabomba na bei ya saruji. Kuhusu kura hatujakubaliana hadi leo, na sidhani tutakubaliana.

Dhana: Kujitafakari ni kukaa peke yako ukiwaza mpaka jibu lije

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nao hulitaja kama ugonjwa. Kuwaza na kutafakari hutofautiana kama kutikisa ungo na kupepeta: vyote viwili vinachosha mikono, lakini kimoja tu hutoa makapi. Mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, aliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Si dawa ya miujiza. Tafiti za baadaye zimeonyesha manufaa madogo tu. Ninachokipenda ni ile saa: dakika zikiisha, unafunga daftari na kwenda kuteka maji.

Dhana: Anayemwona mshauri ana wazimu, au imani yake ni haba

Aibu hii ina umri. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wendawazimu, na jina lake bado hutumiwa kama tusi. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha sheria kinachoadhibu jaribio la kujiua kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu kisheria. Familia na maombi yana nafasi yake, lakini mtu asiyelala wiki kadhaa au anayetamani kufa anahitaji mtaalamu. Kupiga simu namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure.

Dhana: Chama ni cha pesa tu

Waulize wanachama wa kikundi chochote cha kuchangiana. Ukikosa mikutano miwili, wa tatu wanakuja mlangoni kwako, na hawaji kwa ajili ya mchango pekee. Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya kusikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha dalili za huzuni zikipungua baada ya miezi sita. Na baada ya benchi, wagonjwa huingia katika vikundi na kufuma mikoba pamoja. Kwetu hapo tungesema: chama.

Tahadhari moja tu. Chama cha watu wa kwetu peke yao hufariji haraka, kisha wakati wa kampeni hugeuka mahali pa kunoa ndimi. Cha ploti yetu kimechanganyika, hasa kwa sababu kodi ilituchanganya kabla hatujaamua wenyewe. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mkutano wa mwezi huo tumekubaliana hautaahirishwa, na zamu ya kupika chapati ni ya yule mzee wa chumba namba tisa ambaye mimi naye hatujawahi kumpigia kura mtu mmoja.