Jua la Moshi halitumwi kwa WhatsApp

Ujumbe wa sauti wa dakika tatu, umeingia saa kumi na moja alfajiri. Bibi wa Machame. Mjukuu ana miezi miwili, amezaliwa Sweden. "Daktari mwanangu, nimemwambia mama yake aache yale matone ya vitamini D. Mtoto wa Kichaga ana jua kwenye damu. Tena ananyonya, na maziwa ya mama yana kila kitu. Hebu mpigie, wewe atakusikia."

Sijampigia. Ni ujumbe wa nne wa aina hii tangu Pasaka. Naandika mara moja; atakayeuliza tena atatumiwa hii.

Shikamoo bibi. Damu haina jua. Vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi inapopigwa na miale ya jua iitwayo UVB, na weusi wa ngozi yetu kazi yake ni kuichuja miale hiyo. Hapa Moshi, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, chujio hilo ni rehema. Kule Stockholm, karibu nyuzi 60 kaskazini, kuanzia Oktoba hadi Machi jua liko chini mno, hata ngozi nyeupe haiambulii kitu, sembuse ya mjukuu wako. Ndiyo maana Sweden kila mtoto, awe na nywele za dhahabu au kipilipili, anapewa matone: mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, kuanzia umri wa wiki moja hadi miaka miwili. Mwenye ngozi nyeusi hushauriwa aendelee hata baada ya hapo. Hawajambagua, wamepiga hesabu.

Maziwa ya mama nayatetea kila siku, lakini lita nzima mara nyingi haifikishi yuniti 80. Na mama mwenyewe yuko huko huko ndani ya koti, kwa hiyo hata akiba aliyompa mtoto tumboni huenda ilikuwa haba. Upungufu ukimzidi mtoto, usisubiri kuona miguu imepinda: kalsiamu ya damu inaweza kushuka akapata degedege kabla hajasimama.

Hapo kwenye kunyonya, lawama nyingine ni yetu. Miaka yote tumesimama kliniki tukiimba "miezi sita, hata tone la maji", na akina mama wakatuelewa kuliko tulivyokusudia. Kwa tafsiri ya Shirika la Afya Duniani, mtoto anayepewa matone ya vitamini, dawa au ORS bado anahesabiwa ananyonya maziwa ya mama pekee. Wapo wauguzi wenzangu wanaobisha hili mpaka chai inapoa.

Sasa linaloniudhi hasa: jua la asubuhi. "Mwoteshe jua la saa moja, lile laini, ndilo lenye vitamini." Nimelisikia kwa bibi, kwa mchungaji, na naona haya kusema, kwa daktari mwenzangu. Ulaini wake ndio ubaya wake: jua likiwa chini, UVB hunaswa angani kabla ya kukufikia. Kipimo unacho bure, kivuli chako. Kikikuzidi urefu, vitamini ni kidogo sana. Mwezi Julai hapa Moshi, saa mbili asubuhi kivuli ni karibu mara tatu ya urefu wako. Kinakuja kulingana nawe kuelekea saa nne. Na saa nne ndipo bibi anapomrudisha mtoto ndani, kwa sababu jua sasa ni kali! Saa ile ya baridi mtoto alikuwa nje kweli, lakini ndani ya sweta, khanga mbili na kofia ya sufu, pua tu inachungulia. Pua haiwezi kulisha mifupa yote ya mwili.

Walio ughaibuni nao humlaza mtoto dirishani. Kioo kinazuia UVB karibu yote. Mtoto anapata joto, mapazia yanapauka, vitamini hakuna.

Basi tumtoe saa sita? Hapana, na msininukuu vibaya. Ngozi ya mtoto wa chini ya miezi sita haifai kuanikwa juani, na mwenye ualbino ndiyo usithubutu kabisa. Hospitali ya KCMC hapa Moshi hawatengenezi mafuta ya Kilisun, yale ya kukinga ngozi na jua, kwa mapambo. Matone yapo ili tusilazimike kuchagua kati ya mifupa na ngozi.

Na watoto wa hapa hapa? Hapa sauti yangu inashuka. Aliyezaliwa njiti namwandikia bila mjadala. Aliyetimiza miezi yake, anayebebwa mgongoni kwenda sokoni na shambani, simwandikii. Wa ghorofani Arusha, ambaye dada amekatazwa kumtoa nje ya geti, au wa familia iliyohamia hapa na mama yake hatoki bila kujifunika mwili wote, namwandikia, na sijui kama ni sayansi au ni woga wangu. Wataalamu waliokaa mwaka 2016 kuafikiana juu ya matege walisema yuniti 400 kwa kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani halijapendekeza hivyo kwa kila aliyetimiza miezi. Kipimo cha damu nacho hakinisaidii sana, maana wakubwa hawajakubaliana kama mpaka wa upungufu ni nanogramu 20 au 30 kwa mililita.

Tena si kila matege ni vitamini D. Chini ya miaka miwili miguu kupinda kidogo ni kawaida. Nigeria walipatikana watoto wenye matege ambao vitamini D wanayo, walichokosa ni kalsiamu. Arumeru nauliza kwanza maji ya kisima na magadi ya kupikia, kwa sababu floraidi iliyomo ikizidi nayo hupinda mifupa.

Mwisho, chupa. Bibi, matone ya Sweden ni matano kwa siku. Kuna chupa za kwingine ambazo tone moja tu ndilo yuniti 400, na nyingine dozi ni mililita nzima. Matano kutoka chupa ile ya tone moja ni yuniti 2,000, na ikiwa hivyo kila siku kalsiamu inaweza kupanda: mtoto anatapika, choo kigumu, figo zinaumia. Wakija Desemba, usiniulize matone mangapi. Piga picha lebo, nitumie.