Siku Nne, Mlima Upi? Dhana Potofu za Wapandaji Wanaotoka Mwanza

Dhana ya kwanza inayowaponza wapandaji milima wengi ni kuamini kwamba siku zinazotajwa kwenye tangazo la safari ndizo siku zitakazotumika. Tangazo likisema "Meru, siku tatu", siku hizo huhesabiwa kuanzia lango la Momella hadi kurudi kwenye lango hilohilo, wala hazimhusu mtu aliyepanda basi alfajiri kule stendi ya Nyegezi, Mwanza, akapita Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida na Babati, kisha akaingia Arusha usiku viungo vimekufa ganzi. Kwa mkazi wa Mwanza, Meru ya siku tatu ni safari ya siku tano, na Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ambayo hupandwa kwa siku tano au sita, humla mtu siku saba au nane za likizo yake. Njia ya kukatiza Serengeti huonekana fupi kwenye ramani, lakini abiria hulipia ada ya kupita hifadhini, na haimpunguzii mtu siku nzima ya kukaa garini.

Ukihesabu kuanzia mlangoni kwako, orodha ya milima inayofaa hubadilika. Hanang, wenye takribani mita 3,420, umesimama juu ya mji wa Katesh, kando ya barabara ileile ya basi la Arusha, na wengi wetu tumekuwa tukiupita tukiutazama dirishani tu. Anayetoka Mwanza Alhamisi alfajiri hulala Katesh, akapanda na kushuka Ijumaa, akapumzika au kurudi Jumamosi, na Jumapili akawa nyumbani kwake. Mlima huo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali chake hakihusiani na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na mwongozaji wa pale pale ni wa lazima kwa mtu mwenye busara, hata pale ambapo angeweza kujiongoza.

Hata hivyo, hapo ndipo inapozuka dhana ya pili, kwamba mlima mfupi ni mlima mwepesi. Kutoka Katesh hadi kilele cha Hanang mtu hupanda zaidi ya mita 1,500 na kuzishuka zote siku hiyohiyo, bila kibanda cha kulala wala maji ya kutegemea njiani, na akidhani amefika, hukuta bado kuna ukingo mrefu wa kuufuata hadi kilele chenyewe. Anayepanda Kilimanjaro hupanda kiasi pungufu cha hapo katika siku yake ya kwanza, tena mzigo wake mkubwa ukiwa kwa mpagazi.

Mlima wa Ol Doinyo Lengai hupotosha zaidi. Haufiki mita 3,000, hupandwa kwa usiku mmoja, na kwa sababu hiyo huuzwa kama safari ya wenye haraka. Safari yake huanza katikati ya usiku kwa sababu mteremko wake hauna mti wala kivuli, na jua likishachomoza, joto la bonde la Ziwa Natron halina huruma. Sehemu ya juu ni mwinuko mkali wa majivu yaliyogandamana, ambapo viatu hutafuta pa kushika na mikono nayo hulazimika kusaidia. Kushuka ndiko kunakoadhibu magoti, kwani changarawe huteleza chini ya nyayo. Tena ni volkano hai, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, kwa hiyo hali yake huulizwa kwanza kwa waongozaji wa Engare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima, kabla ya kununua tiketi. Na kufika Engare Sero kwenyewe, ukiiacha lami Mto wa Mbu, hula siku nyingine. Usiku mmoja wa kupanda, kwa mtu wa Mwanza, si safari fupi hata kidogo.

Dhana ya tatu inahusu siku ya ziada. Wengi huiona kuwa ujanja wa kampuni wa kuongeza bei, na wanapobanwa na muda ndiyo wanayoikata kwanza. Kweli ni kwamba siku ya ziada haifanyi kazi moja katika kila mlima, na hili nadhani ndilo jambo muhimu kuliko yote kwa mwenye kuchagua. Katika Meru, wa siku tatu na wa siku nne hupanda sawasawa: usiku wa kwanza kwenye vibanda vya Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi, usiku wa pili kwenye vibanda vya Saddle, karibu mita 3,570, kisha usiku wa manane kuelekea kilele cha mita 4,566. Tofauti huja baada ya kilele. Wa siku nne hulala tena Miriakamba, ilhali wa siku tatu huendelea hadi Momella, akiwa ameshuka takribani mita 3,000 tangu alfajiri. Siku hiyo, basi, ni ya magoti. Kijana mwenye miguu imara anaweza kuiacha bila kuhatarisha maisha, ingawa ngazi za ofisini zitamkumbusha Jumatatu.

Katika njia ya Marangu, siku ya sita hukaa mahali pengine kabisa: hukaa kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, wakati wa kupanda, ili mwili uizoee hewa nyepesi. Ukiiondoa, unalala Mandara kwenye mita 2,720, kesho yake Horombo, na kesho kutwa unafika Kibo kwenye mita 4,720, ambako usingizi ni wa saa chache tu kabla ya kuamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa kitabibu ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Ratiba ya siku tano hupanda mara mbili ya hapo. Siku hii ni ya mapafu na ubongo, na anayeiuza kwa punguzo la bei anamuuzia mteja uwezekano mkubwa zaidi wa kurudishwa kutoka Kibo akitapika.

Hapa nagusa dhana ya nne, ambayo ni yetu hasa. Mtu wa Mwanza, aliyekulia kwenye mawe ya Isamilo au Mabatini, akipanda na kushuka ngazi za mawe kila siku na ndoo kichwani, huamini kwamba milima ameshaizoea. Miguu yake kweli imezoea, na hilo ni mtaji. Lakini ziwa letu liko kwenye mita 1,134 tu, na maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Kule juu kiwango cha oksijeni katika hewa ni kilekile cha asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, hata kila pumzi kileleni Uhuru humpa mtu takribani nusu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mazoezi hayazuii hali hiyo. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayeugua, kwa kuwa hutangulia wenzake. Kichwa kikiuma hakuna kupanda zaidi, na mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa amekaa, hushushwa papo hapo, iwe usiku au mchana.

Kuhusu majira, kosa ni moja na hurudiwa kila mwaka: kuchagua Pasaka kwa sababu ina siku nne mfululizo. Pasaka huangukia Machi au Aprili, ndani ya masika, wakati njia za msituni ni tope na vilele vimefunikwa. Hanang wenyewe ulionyesha mwanzoni mwa Desemba 2023 kile ambacho mvua kubwa inaweza kufanya, maporomoko ya tope yalipoishukia Katesh na kuua makumi ya watu. Saba Saba au Nane Nane, ukiiunganisha na siku mbili tatu za likizo, hukuweka katikati ya kiangazi.

Imebaki dhana ya kwamba asiyefika Uhuru hajaupanda Kilimanjaro. Kwa mwenye siku chache, kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kasoko ya Maundi iliyo jirani ni matembezi ya siku moja, na anayelala Mandara kisha Horombo atakuwa amelala juu zaidi ya kilele cha Hanang, akauona uwanda wa mimea ya baridi, na kushuka akiwa mzima. Mwongozaji ni wa lazima hata kwa safari hiyo fupi, na ada hutozwa kwa siku. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni, mradi awe na kitambulisho chake mkononi anapofika langoni.